Pikipiki kubwa, ndogo au skuta: ipi ikufae kwa safari fupi za mjini?

Swali hili huwajia zaidi watu waliokwisha kununua pikipiki kubwa kwa mapenzi, kisha wakajikuta kila siku wanaenda nayo mwendo uleule mfupi: Sinza hadi Posta, Mikocheni hadi Masaki, Kijitonyama hadi Kariakoo. Chombo kilichotengenezwa kuvuka mikoa kinashinda kwenye gia ya kwanza na ya pili, joto la injini linapanda mapajani, na pembeni kijana wa Boxer, pikipiki ndogo ya bodaboda, anapita taratibu bila hata kugusa breki. Hapo mtu huanza kuwaza: niiuze nichukue ndogo?

Naandika nikiwa na Dar es Salaam kichwani na safari ya kilomita 5 hadi 12 kwa upande mmoja. Mwenye kuishi Mwanza, Arusha au Mombasa atabadilisha majina ya barabara, hesabu itabaki ileile. Chaguo ninazolinganisha ni tatu. Ya kwanza ni kubaki na pikipiki kubwa, yaani cc 400 hadi 500, mfano Royal Enfield Himalayan ya cc 411 au Honda CB500X. Ya pili ni kushuka hadi pikipiki ndogo ya gia, cc 100 hadi 150: Boxer, TVS HLX, au Honda XR150L kwa anayetaka iliyoinuka kidogo. Ya tatu ni skuta isiyo na klachi, cc 110 hadi 150. Za umeme nimeziacha kwa makusudi, kwa kuwa swali lake kubwa ni la betri na mahali pa kuchaji, na hilo lina uzito wake peke yake.

Vigezo ninavyotumia ni hivi: gharama halisi ya mwezi, uzito kwenye foleni na maegesho, breki na usalama, barabara na mvua, abiria na mizigo pamoja na mavazi, spea na mafundi, halafu safari za nje ya mji. Mwendo wa juu kabisa sikuuweka. Kikomo maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na hata cc 100 inafika hapo bila kuhangaika.

Gharama ya mwezi

Tuanze na mafuta, kwa kuwa ndiyo sababu inayotajwa kwanza na kila anayetaka kushuka. Chukua kilomita 8 kwenda na 8 kurudi, siku 22 za kazi. Hiyo ni kilomita 352 kwa mwezi. Pikipiki kubwa inayokwenda kilomita 28 kwa lita itakula lita 12 na nusu. Ndogo ya gia inayokwenda 45 kwa lita itakula karibu 8. Skuta ya kilomita 40 kwa lita, karibu 9.

Tofauti kati ya kubwa na ndogo basi ni lita 5 kwa mwezi. Ukiweka petroli shilingi 3,000 kwa lita, umeokoa elfu kumi na tano. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka bei ya mwezi wako na kilomita zako, uone mwenyewe. Kwa wengi hesabu hii inashangaza: safari ikiwa fupi, mafuta hayatoshi kuwa sababu ya kuuza chombo unachokipenda.

Oili nayo haina tofauti kubwa kama watu wanavyodhani. Pikipiki kubwa inameza lita 2 hadi 3 pamoja na filta, lakini hubadilishwa baada ya kilomita nyingi, na kwa mwendo wa kilomita 4,200 kwa mwaka utaibadilisha mara moja tu kwa sababu ya muda. Ndogo inachukua kama lita moja, ila inataka kubadilishwa kila kilomita 2,000 hadi 3,000. Skuta ina oili ya injini na oili ya gia za gurudumu la nyuma, kisha kuna mkanda na rola, vinavyofanya kazi ya cheni na gia. Mkanda huo unadumu kilomita 20,000 hivi, na kwa matumizi haya ni miaka minne au zaidi.

Pesa yenyewe imejificha kwenye tairi, breki pedi, cheni na vipuri vya ajali ndogo. Pikipiki kubwa ikianguka ikiwa imesimama tu, ikavunja levya ya klachi na taa ya indiketa, bei ya vitu hivyo viwili inaweza kukukalisha chini. Kwenye Boxer, levya utainunua duka la jirani na kuifunga mwenyewe kwa spana moja.

Kubwa kuliko yote ni mtaji. Pikipiki kubwa ni pesa iliyolala. Ukiiuza na kununua ndogo unabaki na fedha mkononi, pengine ya kumalizia ukuta wa nyumba au ada. Upande wa pili, soko la pikipiki kubwa kwetu ni jembamba: wanunuzi wachache, kila mmoja anataka punguzo, na siku ukitaka kurudi utalipa bei ya mpya pamoja na ushuru wake. Ndogo haina shida hiyo, haipiti wiki bila mtu kuuliza kama unaiuza.

Uzito kwenye foleni na maegesho

Himalayan na CB500X zote zinakaribia kilo 200 zikiwa na mafuta. XR150L ni kilo 130 hivi, Boxer na wenzake wanazunguka 120, skuta za cc 110 zinashuka hadi karibu 110. Kilo 70 au 80 za ziada huzisikii ukiwa mwendoni. Unazisikia mguu ukiwa chini.

Mfano halisi ni maegesho ya katikati ya mji. Umefika asubuhi, umeingiza pikipiki kwa mbele kwenye nafasi yenye mteremko kidogo kuelekea ukutani. Jioni unatoka, kushoto kwako kumeegeshwa Boxer mbili, kulia kuna bajaji. Ya kilo 200 lazima uitoe kinyumenyume, ukipanda mteremko, viatu vinateleza juu ya mchanga uliomwagika kwenye lami, na hendo haiwezi kukunja sana kwa sababu ya majirani. Wengi huishia kumwomba mlinzi asukume kwa mbele. Ya kilo 120 unashika nyuma, unaivuta kwa mkono mmoja, umeondoka.

Kwenye foleni kinachoamua zaidi ni upana. Vioo vya pikipiki nyingi za kusafiria vimekaa kimo kimoja na vioo vya magari madogo, na mwenye maboksi ya pembeni anabeba upana wa ziada nyuma yake asioweza kuuona. Ndogo za gia hupenya kwa raha, ila klachi ya mkono kwa dakika arobaini, kutoka Mwenge hadi Morocco jioni ya Ijumaa, inachosha kiganja. Hapo skuta haina mpinzani: mkono wa kulia unatia na kuachia, basi. Mwenye maumivu ya kifundo cha mkono au kidole gumba alifikirie hili kabla ya jambo jingine lolote.

Niseme na hili: njia ya mabasi ya mwendokasi haijawa ya pikipiki kwa sababu umepata ndogo. Kile kishawishi cha kuingia humo huongezeka ukiwa na chombo chepesi, na basi lenye urefu ule halisimami ghafla.

Breki na usalama

Hapa pikipiki kubwa inastahili heshima yake. Nyingi za daraja hilo zina diski mbele na nyuma pamoja na ABS (mfumo unaozuia gurudumu kujifunga ukibana breki), tairi pana, na taa inayoonekana mbali. Mtoto akikatiza au daladala likisimama bila kuonya, gurudumu halijifungi na wewe unabaki na uwezo wa kukwepa.

Nyingi za ndogo zinakuja na breki za dramu nyuma, na baadhi dramu hata mbele. Dramu iliyotunzwa inasimamisha vizuri kwa mwendo wa mjini, lakini ikiingia maji inalegea hadi ikauke, na haina ABS ya kukusaidia ukikanyaga kwa hofu. XR150L ina diski mbele. Kwenye skuta inategemea aina: za bei ya chini zina dramu, zilizopanda zina diski na mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya magurudumu mawili, na baadhi zina ABS ya mbele. Ukiamua kushuka, tafadhali usishuke kwenye breki. Kati ya ndogo mbili za bei zinazokaribiana, chukua yenye diski mbele.

Lipo jambo jingine la usalama ambalo halimo kwenye karatasi za kiwandani. Ukiwa juu ya Boxer au HLX, mji mzima unakuona bodaboda. Abiria watakupungia mkono, mlinzi wa getini atakuambia uishie nje, na wenye magari watakubana kwa namna ambayo hawambani mwenye pikipiki kubwa. Hili la mwisho ni hatari ya kweli. Jaketi lenye refleta na helmeti nzuri husaidia kidogo, kwa sababu dereva huanza kukuona kama mtu aliyejipanga. Skuta kwa kawaida inaepuka tatizo hilo, kwani hapa mjini wachache wanaipandishia abiria.

Ambacho kubwa inakupokonya kwa upande wa usalama ni kuchoka. Mtu aliyepambana na kilo 200 kwenye joto la saa tisa alasiri hufanya maamuzi mabaya saa kumi na moja. Mwenye mwili mdogo au miguu isiyofika chini vizuri alipime hili kwa uaminifu.

Barabara na mvua

Barabara kuu zetu ni lami, lakini wengi tunaanza na kumaliza kwenye vumbi, mchanga na matuta ya mtaani. Himalayan na XR150L zimefanywa kwa ajili hiyo. Magurudumu ya mbele ni makubwa na shokapu zina nafasi ya kucheza. Boxer na HLX zina magurudumu ya inchi 17 au 18, zinahimili mashimo, na kiti kirefu kinasaidia kwa abiria.

Skuta ndiyo inayoteseka. Magurudumu ya inchi 10 hadi 14 yanazama kwenye shimo ambalo pikipiki inalivuka, na kwenye mchanga laini usukani unataka kwenda unakotaka wenyewe. Kadiri gurudumu linavyokuwa kubwa ndivyo unavyopona, kwa hiyo ukiamua skuta kwa njia mbovu tafuta ya inchi 13 au 14. Masika kuna la ziada: sanduku la mkanda la skuta hupumua hewa kutoka chini, na ukivuka maji marefu mkanda hulowa na kuteleza hata kama injini haijazima. Maji yakijaa bonde la Jangwani hakuna pikipiki ya kupita, lakini kwenye dimbwi la mtaani la kufika katikati ya gurudumu, mwenye gia atavuka na mwenye skuta afadhali azunguke.

Abiria, mizigo na mavazi

Kwa abiria mzima na mkoba, pikipiki kubwa haibadiliki tabia. Ya cc 100 inabadilika sana, hasa kupanda daraja. Cc 150 iko katikati na kwa mjini inatosha.

Kwa mizigo ya kila siku skuta inashinda kwa urahisi. Chini ya kiti unaweka kompyuta mpakato au mboga, na yenye sakafu bapa inabeba mfuko wa mchele kati ya miguu. Tena inamfaa aliyevaa gauni, sketi au kanzu ya Ijumaa, kwa kuwa hakuna tenki la kuruka. Kisiwani Unguja wake kwa waume wanaziendesha hivyo na hakuna anayeshangaa. Wanaopanga kutumia chombo kimoja mke na mume waitazame skuta kwa jicho la karibu, kwa sababu asiyejua gia hujifunza haraka zaidi.

Spea na mafundi

Hapa ndogo ya gia iko peke yake. Hakuna mtaa usio na fundi wa Boxer, na Kariakoo utapata kila kipande, cha asili na cha kuiga. Uangalifu unaotakiwa ni kujua kutofautisha hivyo viwili, hasa breki shuu, cheni na plagi. Skuta ina mafundi wachache zaidi; kabla hujanunua, uliza mahali utakapopata mkanda na rola za aina hiyo hasa. Kubwa inahitaji fundi anayeijua, wakati mwingine mwenye kifaa cha kusoma hitilafu za umeme, na spea nyingine utaagiza nje na kusubiri. Kama chombo ndicho usafiri wako pekee wa kwenda kazini, kusubiri spea wiki kadhaa kuna bei yake kwenye nauli.

Kuna pia suala la safari fupi mno. Ukiwa na kilomita 2 au 3 tu, injini kubwa haipati muda wa kupata joto lake, mvuke hubaki ndani ya oili, na betri haijazwi kiasi ilichotumia kuwasha. Hilo linaharibu taratibu. Injini ndogo inapata joto mapema, na nyingi zina kiki, hivyo betri ikichoka bado utafika.

Nje ya mji

Kama mara kwa mara unakwenda Bagamoyo, Chalinze au Morogoro, uamuzi unageuka. Kati ya Kibaha na Chalinze malori na mabasi yanayopishana nawe yanasukuma upepo unaoitikisa cc 125 kutoka kwenye mstari wake, na ukitaka kulipita lori huna nguvu ya akiba. Cc 150 inafika, lakini unaiendesha karibu na mwisho wa uwezo wake muda wote. Kubwa iko nyumbani kwake huko. Skuta ya cc 150 inamudu Bagamoyo siku ya ukavu. Zaidi ya hapo sishauri.

Ipi kwa hali ipi

Fungua kalenda ya mwaka uliopita uhesabu siku ulizotoka nje ya mji kwa pikipiki. Mimi naamini hesabu hiyo ina uzito kuliko ladha, kuliko mafuta, na kuliko maneno ya marafiki wa kundi la waendeshaji.

Kama siku hizo ni nyingi, au unabeba mwenza safari ndefu, baki na kubwa. Punguza maumivu ya mjini: vua maboksi ya pembeni siku za kazi, badilisha saa ya kutoka nyumbani, na egesha kwa kinyumenyume ili jioni utoke kwa mbele.

Kama hazifiki hata vidole vya mkono mmoja, na njia yako ina vumbi na mashimo, na bajeti imebana, ndogo ya gia itakufaa zaidi. Kwa unayebeba abiria chagua cc 150. Kwa unayeenda peke yako, 100 hadi 125 inatosha. Angalia na leseni: daraja A ni la pikipiki zinazozidi cc 125, A1 ni la ndogo zake. Anayeshuka kutoka kubwa hana shida, lakini mwenza atakayeanza na A1 hataruhusiwa kuchukua ya 150.

Kama njia ni lami mlango hadi mlango, foleni ni ndefu, unavaa nguo za ofisi au chombo kitatumiwa na wawili, jaribu skuta kabla ya nyingine zote. Mwombe mwenye nayo uiendeshe kwenye tuta na shimo la mtaani kwako, kwani kwenye lami ya dukani zote ni tamu.

Na wapo wanaoweza kubaki na kubwa na kuongeza ndogo. Hili limekuwa jepesi kidogo tangu 2017, pale ada ya mwaka ya leseni ya chombo ilipoondolewa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Chombo kilicholala nyumbani hakidai tena ada hiyo. Bima utalipa kwa kila kimoja, na kubwa itahitaji kuwashwa na kutembezwa kila wiki mbili hivi ili betri na tairi visife. Kama huna mahali salama pa kulaza mbili, njia hii usiifikirie, maana Boxer iliyolala nje ya geti ndiyo inayoibwa kirahisi kuliko zote: spea zake zina soko kila kona.

Asiye na uhakika asianze kwa kuuza. Azima au kodi ndogo kwa mwezi mmoja wa kazi, ikiwezekana mwezi wenye mvua, kubwa ikiwa imefunikwa nyumbani. Ukimaliza mwezi huo bila kuitamani, tafuta mnunuzi, na siku mnapokabidhiana pesa nendeni pamoja kuhamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Usimpe kadi na kumwamini kwamba ataenda mwenyewe, kwani faini za barabarani zinafuata namba ya chombo, na jina lililoko kwenye namba hiyo bado litakuwa lako.